Fundi wa Bwawa Ajibu: Ukuta wa Kiwanja Si Ua wa Bwawa

Mwezi uliopita niliandika habari za pampu zinazokula umeme, na mwishoni nikatupia sentensi moja tu, kwamba bwawa la kuogelea lisilo na ua wake ni shimo lenye maji. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko pampu zote. Nimechagua tano. Kwa wasionijua, nimetunza mabwawa ya nyumba hapa Malindi tangu 1996, kuanzia Casuarina hadi njia ya Mayungu. Siku hizi magoti yamekataa kuinama, nakagua tu na kufundisha vijana.

*Salaam aleikum Fundi. Mume wangu yuko Doha, na tumejenga njia ya Mayungu. Bwawa limekamilika, mita 8 kwa 4, na wiki hii limetiwa maji. Kiwanja chote kina ukuta wa mawe wa futi saba na geti la chuma. Nina mtoto wa miaka miwili na mwingine wa mitano. Mimi nataka ua mwingine wa kulizunguka bwawa; mume wangu asema ukuta watosha, na ua utaharibu mandhari ya baraza. Mama mkwe yuko upande wake. Sheria yasemaje, na ua uwe wa kimo gani? — Mama wa wawili, Mayungu*

Waaleikum salaam, mama. Ukuta wa futi saba unamzuia mtoto wa jirani. Wako wamo ndani ya ukuta.

Mpigie mume wako kwa video, umwonyeshe mlango wa baraza, kisha utembee mbele yake hadi ukingoni mwa maji huku ukihesabu hatua kwa sauti. Kwenye nyumba mpya ninazokagua hupata kumi na mbili, kumi na nne. Mtoto wa miaka miwili azimaliza kabla hujamimina kikombe cha pili cha chai. Tena usitegemee kumsikia. Methali yetu yasema mfa maji haishi kutapatapa, na wallahi kwa mtoto mdogo methali hii imetudanganya. Mtoto mdogo hatapatapi. Mdomo ukishaingia maji hana pumzi ya kulilia. Ashuka wima, kimya, na dakika moja haijaisha yuko chini. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Hizo ndizo dakika za kwenda kufungua geti la nje, kusalimiana na muuza samaki na kubishana naye bei.

Sasa sheria, maana najua ndiyo atakayoiuliza. Bwawa ni jengo. Mchoro wake wapita kaunti kama wa nyumba, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kwa hivyo nenda ofisi ya mipango ukiwa na mchoro unaoonyesha bwawa na ua wake pamoja, na masharti utakayopewa uyachukue kwa maandishi. Halafu kuna sheria ya wajibu wa mwenye mahali, Sura ya 34 ya sheria za Kenya. Hiyo yasema mwenye mahali ana wajibu wa kumlinda anayeingia kwake kwa ruhusa, na ajiandae kwamba watoto huwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Yaani siku ya maulidi nyumbani kwako, mtoto wa wifi yako akitumbukia, “tulimkataza” haitakuwa jibu.

Lakini vipimo ninavyotumia mimi nimevichukua kwa watu waliozika watoto wengi kutoka mabwawa ya nyumbani hata wakaamua basi. Afrika Kusini, kanuni zao za ujenzi zataka ukuta au ua usiopungua mita 1.2, geti linalojifunga na kujikomea lenyewe, na pasiwe na upenyo wa kupitisha mpira wa sentimita 10. New South Wales, kule Australia, wana sheria yao ya mabwawa ya 1992. Kimo ni hicho hicho cha mita 1.2, nafasi ya chini ya ua isizidi sentimita 10, komeo liwe mita 1.5 kutoka ardhini, na sentimita 90 kando ya ua pasiwe na kitu cha kukanyagia. Huko huko Australia ndiko ilikodhihirika kwamba ua wa pande nne, unaolitenga bwawa na nyumba yenyewe, huokoa watoto zaidi kuliko ua wa pande tatu ambao ukuta wa nyumba ndio upande wa nne. Mweleze mumeo hilo la mwisho polepole. Nyumba si ua, maana nyumba ina milango, na milango ina watoto.

Mfukoni mwangu natembea na kipande cha fito kilichokatwa sentimita 10 kamili. Nikifika kwenye ua nakilaza kati ya vyuma viwili. Kikiingia bila kugusa pande zote mbili, fundi arudi kazini. Mtu aweza kucheka, lakini mtoto akipitisha kichwa, mwili wote umepita.

Kuhusu vitu vya kujengea, hapa pwani tuna shida ambayo vitabu vya watu wa bara haviijui. Wengi huniambia watajenga ua wa fito na makuti upendeze. Upendeze, sawa, lakini tazama jinsi fundi wetu anavyoufunga: nguzo mbili za mkoko, kisha fito zimelazwa kutoka nguzo hadi nguzo, moja juu ya nyingine, kwa kamba ya makumbi. Hiyo ni ngazi. Mtoto wako wa miaka mitano ataipanda akiimba. Ukitaka fito, zisimamishwe wima, na zile za kulala za kushikiza ziwe upande wa maji, moja chini kabisa na moja juu kabisa, umbali wa sentimita 90 baina yao au zaidi. Makuti nayo yakipigwa na kusi moja tu huachia chini, na nimeona paka, kuku na hatimaye mtoto wakipita tundu moja. Seng'enge ya matundu makubwa ni ngazi pia, kidole cha mguu chaingia.

Ninachopendekeza ni vyuma vya wima, vyembamba, vilivyochovywa zinki kabla ya kupakwa rangi, rangi yenyewe nyeusi au ya majani yaliyokolea. Ua mweupe jicho lasimama juu yake. Mweusi jicho lapita, likaenda kwenye maji. Ukikaa barazani baada ya wiki mbili hutauona tena. Kama mume wako bado analia na mandhari, kuna vioo vigumu vya kusimamishwa, vizuri sana, ila chumvi ya bahari huvifanya vyeupe na mtu atavifuta kila siku mbili. Aseme huyo mtu ni nani.

Geti ndilo hasa. Ua wote ni geti. Lifunguke kwenda nje, mbali na maji, ili mtoto akilisukuma azidi kulifunga. Bawaba za springi na komeo ziwe za chuma kisichoshika kutu, kile cha daraja la 316 kinachotumika kwenye mashua, maana springi ya kawaida upepo wa kaskazi unaila msimu mmoja. Nimekuta geti la nyumba ya mamilioni linafunguka likabaki limekodoa macho hivyo hivyo kwa sababu ya springi ya shilingi mia tatu. Kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini mwambie mtu alifungue kiganja kimoja aliachie, kisha alifungue lote aliachie. Mara zote mbili lazima lijifunge na komeo lilie. Lisipolia, halijafunga.

Jambo moja nje ya ua, kwa kuwa maji yametiwa tu wiki hii: mwulize aliyejenga kama tundu la kunyonya maji la chini ni moja au mawili. Yawe mawili, yameachana angalau mita moja, na vifuniko vyake viwe vya mgongo wa kobe, si bapa. Tundu moja likizibwa na tumbo au nywele za mtoto, pampu humshika na hata mtu mzima hamvuti. Marekani wana sheria ya 2007 kwa ajili ya hilo peke yake, na imepewa jina la Virginia Graeme Baker, mtoto wa miaka saba, mjukuu wa James Baker aliyekuwa waziri wao wa mambo ya nje. Alinaswa hivyo mwaka 2002. Mamake mwenyewe alijaribu kumvuta. Na swichi ya pampu iwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, yaya akiwa wa kwanza.

Mama mkwe mwachie mumeo.

*Fundi, mimi ni mtunza nyumba huko Casuarina. Mwenye nyumba yuko Italia, wageni hukodi wiki moja moja. Ua upo na geti lipo, ila wageni huliegemezea kiti likae wazi kwa sababu wanapita na vinywaji, na taulo zao wanazianika juu ya ua. Nikisema wanakunja uso, nikinyamaza naogopa. Likitokea jambo nitalaumiwa mimi? — Mtunza nyumba, Casuarina*

Nikueleze jambo ambalo kwa miaka mingi sikumweleza mtu.

Mwaka wangu wa tatu kazini, nilikuwa kwenye nyumba moja karibu na bahari. Geti la bwawa lilikuwa na springi kali, na lilikuwa limenibana kisigino mara mbili. Siku hiyo navuta ule mpira mrefu wa kunyonyea uchafu, naingia, natoka, naingia. Nikachoka nalo. Nikaokota jiwe la matumbawe ukubwa wa nazi, nikaliwekea. Nikamaliza kazi, nikazima pampu, nikaenda kula. Jiwe nikalisahau.

Mpishi alikuwa amekuja na bintiye wa miaka mitatu, kwa sababu shangazi aliyezoea kumlea alikuwa na homa. Tulikuwa watu wazima sita pale: mpishi, askari, shamba boi, mimi, na wageni wawili barazani. Kila mmoja alijua mtoto yuko na mwingine. Nilipotoka jikoni nilichokiona kwanza ni kandambili moja nyekundu inaelea, inasukumwa na upepo kuelekea pembeni. Nikaanza kukasirika. Nimesafisha saa nzima, nani ametupa kiatu? Nilipiga hatua tatu nne nzima nikiwa na hasira ya kiatu kabla sijaona kilichokuwa chini yake.

Aliishi. Namna alivyoishi nitaieleza kwenye barua ya mwisho, maana kuna bibi ameuliza hilo hasa. Ila lile jiwe, mpishi alidhani ni wageni walioliweka, wageni wakadhani ni askari, na mimi nikawaacha wadhani.

Kwa hivyo kiti cha wageni wako nakijua. Mtu haliegemezi geti kwa ubaya. Analiegemeza kwa sababu mikono imejaa. Dawa ni kumtoa mahali pa kubeba. Weka meza na jokofu dogo la vinywaji ndani ya ua, upande ulio mbali na ukingo, ili asipite na trei mara ishirini. Funga mti wa kuanikia taulo penye jua, hatua tano kutoka ua. Taulo juu ya ua hazikupi tu sura ya kambi ya wavuvi. Zinakuzibia macho, ukiwa barazani huoni maji. Na viti vyote ambavyo havina kazi viondoke kando ya ua kwa upande wa nje, kwa ile hesabu ya sentimita 90 niliyoitaja juu. Kiti cha plastiki ni ngazi nyepesi, mtoto hukisukuma mwenyewe hadi anapotaka.

Kuhusu lawama: piga picha ya kiti kwenye geti, umtumie mwenye nyumba na maneno mawili, “geti lilikuwa wazi, nimelifunga.” Kila mara. Usibishane na mgeni, funga tu, na utume. Mwombe mwenye nyumba aandike kwenye karatasi ya masharti ya kukodi, kwa Kiitaliano na Kiingereza, kwamba geti haliegemezwi. Mgeni akiisoma nyumbani kwake kabla hajalipa, huwa mnyenyekevu akifika. Na si jambo geni kwao. Wafaransa sheria yao ya Januari 2003 imewalazimisha wenye mabwawa ya kuchimbwa kuchagua ua, kengele, kifuniko au paa la kulifunika bwawa lote. New South Wales nyumba yenye bwawa haikodishwi bila cheti cha mkaguzi kwamba ua umetimia. Mwenye nyumba wako akipata wageni wa kutoka huko, watalitazama geti lake kabla ya kitanda.

Wageni wakiwa na watoto wengi, nina kofia. Kofia ya rangi ya chungwa, ya kawaida tu, imechakaa. Nawaambia: anayeivaa ndiye anayetazama maji, hasomi, hashiki simu, hachomi nyama. Akichoka amvike mwingine kichwani kwa mkono wake, na yule aseme “nimepokea.” Wageni hudhani ni mchezo wa Kiswahili.

*Fundi, mie niko Lamu, Langoni, nyumba ya zamani ya mawe. Bwawa la kuogelea sina wala sitaraji, ila nina birika chooni, kina chake mpaka kiunoni, na juu kwenye dari wajukuu wamenunuliwa kile kidimbwi cha plastiki cha kupuliza. Haya yanahusu ua wako? — Mwana wa Langoni*

Yanahusu sana. Australia hesabu yao huanza maji yakipita sentimita 30, hata kama ni kidimbwi cha kupuliza. Hicho cha juu kimwagwe wakimaliza, kila siku, kisha kigeuzwe kifudifudi, kwa kuwa mvua ya usiku hukijaza ukiwa umelala. Ndoo nayo usiisahau. Mtoto anayejifunza kusimama huinama ndani yake, na kichwa ndicho kizito kuliko mwili wote.

Birika lenu nisilivunjie heshima, wale samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu ni akili kuliko dawa nyingi za dukani. Lakini hao samaki ndio wanaomwita mtoto. Mwite seremala atengeneze wavu wa mbao, vijiti vya mvule vya wima, nafasi ya vidole vinne, bawaba upande wa ukutani na komeo juu. Hewa itapita, kata itaingia kwa kufungua, samaki wataona mwanga. Na mlango wa choo uwekewe kitasa cha juu.

*Fundi, wageni hatuna mpaka Julai, kusi imeanza, na dawa zimepanda bei. Nikiliacha bwawa ligeuke kijani miezi miwili kisha nilisafishe, kuna ubaya? — Mbana matumizi, Silversands*

Kuna ubaya wa aina tatu, na bei utailipa pale pale.

Wa kwanza ni mbu. Maji yaliyolala bila dawa kwa wiki mbili tayari yamezaa, na sheria ya afya ya umma yampa afisa wa afya haki ya kukuandikia notisi. Wa pili ni pochi lako: kulirudisha bwawa lililooza kutoka kijani hadi buluu hula dawa, umeme na pengine maji mapya, na maji ya Malindi wewe na mimi twajua yanavyokuja. Punguza saa za pampu, hiyo sawa, lakini klorini isishuke chini ya 1 kwenye kipimo (miligramu 1 kwa lita), na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, uibakishe kati ya 7.2 na 7.8.

Wa tatu ndio uliofanya niichague barua yako. Katika maji ya kijani mtu aliyezama haonekani. Kina cha mita moja na nusu, umesimama ukingoni, unatazama, na humwoni. Sheria yangu kwa vijana ninaowafundisha ni kwamba ukisimama upande wa kina na usiweze kuhesabu matundu ya kile kifuniko cha chini, bwawa limefungwa na geti linawekewa kufuli. Na usifikirie kulikausha badala yake. Bwawa tupu ni shimo la saruji, na mvua za masika zikijaza ardhi kwa chini laweza kupasuka au kuinuka.

Kwa kuwa umetaja dawa: ndoo ya klorini ya chembechembe na ile ya vidonge zisikae rafu moja, wala zisichotwe na kikombe kimoja, wala asidi isikae karibu nazo. Klorini na asidi zikikutana hutoa moshi unaoziba mapafu. Klorini za aina mbili zikichanganywa huweza kushika moto zenyewe. Daima dawa ndiyo hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa. Stoo ifungwe. Mtoto aliyezuiwa na ua wa bwawa hugeuka akatafuta mlango mwingine, na mara nyingi mlango huo ni wa stoo.

*Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu tisa, niko Shela hapa Malindi. Zamani mtoto akitolewa majini alishikwa miguu akaning'inizwa kichwa chini, akatingishwa maji yatoke. Siku hizi wajukuu wanasema si hivyo. Ni vipi basi, uniandikie nielewe, mimi sisomi Kiingereza. — Bibi, Shela*

Bibi, shikamoo. Hivyo hivyo ndivyo nilivyotaka kufanya mimi siku ile ya kandambili nyekundu. Nilikuwa nimeshamshika miguu. Askari wa nyumba, mzee mmoja mkimya ambaye hatukujua kama alijua lolote zaidi ya kufungua geti, alinipiga mkono. Kumbe alikuwa amefundishwa na watu wa Msalaba Mwekundu. Akaniambia, “Mlaze. Maji si shida, hewa ndiyo shida.”

Kumning'iniza kunapoteza dakika, na kunaleta matapishi ambayo yataingia mapafuni. Vivyo hivyo kumkandamiza tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, sakafuni, si kitandani. Inua kidevu chake taratibu hadi uso uangalie juu. Tazama kifua na sikiliza kwa muda usiozidi hesabu ya kumi. Kama hapumui, mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, pulizia taratibu mpaka uone kifua kinainuka. Fanya hivyo mara tano. Akiwa mchanga chini ya mwaka mmoja, mdomo wako ufunike mdomo na pua vyote viwili. Pumzi iwe ndogo, ya kujaza mashavu yako.

Bado hakuna dalili? Weka kiganja kimoja katikati ya kifua, juu ya ule mfupa, nusu yake ya chini. Kandamiza mpaka kifua kishuke theluthi moja ya unene wake, kisha uachie kirudi. Mara 30, kwa mwendo wa karibu mapigo mawili kwa sekunde, usiwe polepole zaidi ya 100 kwa dakika wala kupita 120. Kisha pumzi mbili. Kisha 30 tena. Mchanga wa chini ya mwaka, mzungushie kifua kwa mikono yako miwili, ukandamize kwa vidole gumba viwili badala ya kiganja. Akitapika mgeuze ubavu, futa mdomo, mrudishe, endelea. Mwili wa mtoto ni mdogo na mkono wako utaogopa, Bibi, usiogope. Endelea mpaka apumue au afike anayejua zaidi.

Wengine wasisimame kulia. Mmoja apige 999 au 112 na ataje nyumba kwa alama, si kwa jina la mwenye nyumba. Mmoja akasimame barabarani azuie tuktuk au gari lolote. Na anayeona mtu anazama asirukie majini kama hajui kuogelea. Hapa kwetu watu wengi wanaishi kando ya bahari na kuogelea hawajui, nao wakiruka wanakuwa wawili. Ndiyo maana kila bwawa ninalokagua nadai upondo, ule ule wa kusukumia dau, mita nne, ulazwe kando ya maji na usitumiwe kuangulia maembe.

Yule askari alipuliza mara tano, akakandamiza, akapuliza. Sikumbuki mara ngapi. Nakumbuka mpishi amekaa chini ameshika ile kandambili, na nakumbuka mtoto alipokohoa nilidhani ni askari aliyekohoa. Alipofungua macho na kuanza kulia, mamake akataka kumpeleka nyumbani akamkande. Askari akakataa tena. Aliyemeza maji mapafuni aweza kuonekana mzima, kisha baada ya saa chache pumzi ikaanza kumkatika, kwa hivyo hospitali ni lazima hata kama anacheka. Tukapanda gari la wageni. Alilazwa usiku mmoja, wakimwangalia. Asubuhi nilipofika na chupa ya chai alikuwa amekaa kitandani, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kiatu chake kimoja kiko wapi.